Shimo la Kahawa Chini ya Nyasi

Kahawa ya zamani, ile ya mashamba ya walowezi, ilipandwa kwenye shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili kila upande, na kutoka mche hadi mche ilikuwa futi tisa. Piga hesabu ya ekari moja utapata mashimo zaidi ya 530. Naanza na namba hizi kwa kuwa ndizo zinazonipa riziki. Kazi yangu, Kiambu na viunga vya Nairobi, ni kuchukua shamba la kahawa lililoachwa na kulifanya uwanja wa nyasi unaokatika kwa mashine. Mwenye ploti akisimama nami siku ya kwanza huniambia, "Fundi, hapa pako sawa tayari, wewe panda tu." Kwa macho pako sawa kweli. Lakini kisiki kikishang'olewa, au kikishaozea ndani, udongo wa lile shimo hubaki mlegevu kuliko wa pembeni. Masika ikiunyeshea unashuka. Vuli ikija unashuka tena. Mwaka wa pili nyasi zimebonyea kama visahani, kisahani kila futi tisa, mstari mmoja hadi kwenye ua. Gurudumu la mashine likizama humo, kisu kinanyoa mpaka udongo, na kipara hicho hakifunikwi na mbolea wala maji. Kitafunikwa na ardhi iliyosawazishwa, basi.

Kwa Nairobi, kazi hii ya kugeuza kahawa kuwa nyasi ina mahali pa kuanzia, napo ni Karen.

Karen Blixen aliwasili kutoka Denmark mwaka 1914. Shamba lake chini ya vilima vya Ngong lilifika ekari 6,000 na kampuni iliyolimiliki iliendeshwa kwa fedha za ukoo wake. Ekari 600 kati ya hizo zilikuwa kahawa, na yeye mwenyewe ameandika kwamba kila ekari ilikuwa na miche 600. Hiyo ni miche 360,000, na kwa mtu wa kazi yangu ni mashimo 360,000. Palikuwa juu mno kwa kahawa, zaidi ya futi 6,000 kutoka usawa wa bahari. Baridi na upepo viliinyima kuzaa, ukame ukaja juu yake, na kiwanda cha kuikaushia kikaungua. Wazee wa Kiambu wanaoijua kahawa hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1931 shamba likauzwa. Aliyelinunua hakuwa na haja na buni hata punje. Alitaka kuligawa vipande vya kujenga nyumba, watu wa Nairobi wenye magari wahamie huko, na mtaa ukapewa jina la Karen.

Lakini ekari zile nyingine hazikuwa tupu. Familia za Wakikuyu zilizoitwa maskwota zilikuwa zikiishi humo na mbuzi wao na mashamba yao ya mahindi, nazo zililipia ukaaji wao kwa siku kadhaa za kazi kila mwaka kwenye kahawa. Shamba lilipouzwa waliambiwa watoke. Ombi lao halikuwa kubwa: wasitawanywe, wapewe mahali pamoja. Blixen alihangaika maofisini kwa ajili yao, na mwisho serikali ikakubali wahamie sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti. Nayasema haya kwa sababu vitabu vya bustani havina habari nayo. Mtu anayesifu nyasi za mtaa fulani angeuliza pia nani alilima pale kabla yake, na alielekea wapi.

Mwaka 1937 mambo mawili yalitokea. Kitabu cha Blixen kuhusu shamba lake kilichapishwa London, na kwenye sehemu ya ardhi ileile ikaanzishwa klabu ya michezo yenye uwanja wa gofu, Karen Country Club. Kitabu ni cha shamba lililopotea, klabu ni ya shamba lililosawazishwa. Viwanja vingi vya gofu vya bara enzi hizo havikuwa na nyasi pale kwenye shimo la mpira. Palimwagwa mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya injini, ukakokotwa kwa gunia au ubao mpaka ukawa laini, kwa kuwa kuweka nyasi fupi na tambarare kiasi kile kulihitaji maji, mashine na watu wengi mno. Nimekutana na wazee waliokuwa wakiukokota mchanga huo utotoni kwa senti chache. Hawakuwahi kuona ajabu yoyote ndani yake. Walisema tu mafuta yalikuwa hayatoki miguuni.

Sasa nirudi nyuma kidogo, niende mbali, kwa sababu haja yote hii ya usawa haikuanzia Afrika, na wala haikuanza na nyasi. Iliyoieneza ni mashine.

Kwa karne nyingi Waingereza walikata nyasi za majumba yao kwa mundu mrefu wa mikono miwili, au waliwaachia kondoo. Mundu hufuata ardhi. Pakipanda, mkono unapanda, pakishuka, unashuka. Kondoo naye vivyo hivyo. Ukienda leo katikati ya Uingereza utaona malisho yenye mawimbi, tuta na mfereji, tuta na mfereji, alama za majembe ya ng'ombe ya karne za kati. Ardhi ile iliachwa kulimwa ikawa malisho ya kondoo, na matuta yakabaki mamia ya miaka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyaondoa.

Halafu mwaka 1830 Edwin Budding, fundi wa mashine wa Thrupp karibu na mji wa Stroud, akapata hataza ya chombo kipya. Eneo lile lilikuwa na viwanda vya nguo za sufu, na viwandani mlikuwa na mashine yenye silinda ya visu iliyonyoa manyoya ya juu ya kitambaa ili kiwe laini. Budding aliitoa silinda ile juu ya meza akaipa magurudumu na rola nzito, akaisukuma juu ya nyasi. Miaka miwili baadaye kampuni ya Ransomes ya Ipswich ikapata leseni ya kuzitengeneza. Hii Ransomes ilikuwa imeanza kwa kutengeneza majembe ya plau, na hilo hunichekesha: kampuni iliyouza chombo cha kuchimbua ardhi ikaanza kuuza cha kuilaza.

Tazama alichofanya Budding bila kukusudia. Silinda ile ilizaliwa kwa ajili ya kitambaa kilichotandazwa juu ya meza. Ilipotoka nje ilitaka meza yake huko nje pia. Mundu ulikuwa umeifuata ardhi. Kuanzia hapo ardhi ilitakiwa iifuate mashine. Farasi waliovishwa viatu vya ngozi wasitoboe nyasi, mchanga unaomwagwa kila mwaka kuziba mabonde, yote yalikuja nyuma ya silinda ya visu. Kroketi na tenisi zilifuata, maana mpira nao hauvumilii kibonde. Ndiyo maana mteja akiniuliza kwa nini nyasi za kwao kijijini zilipendeza bila gharama yoyote, jibu langu ni kwamba zilikatwa na mbuzi.

Baba yangu alikuwa mtu wa shamba Karen, kwenye nyumba ya familia moja, baada ya uhuru. Walimkuta na fyekeo, lile bapa la chuma lenye ncha iliyopinda, na kwa fyekeo alikuwa hodari; alikata huku amesimama wima, mkono mmoja mgongoni, bila kuacha hata unyasi mmoja mrefu. Kisha bwana wa nyumba akaleta mashine ya kusukuma kwa mkono, ya silinda. Baba aliichukia. Si kwa uzito. Fyekeo liliruka juu ya vibonde bila kulalamika, lakini mashine ilikwama kwenye kila kilichobaki cha kahawa. Kwa hiyo Jumamosi baada ya Jumamosi kazi yake ikawa kubeba udongo kwa karai, kuujaza kwenye visahani, kumwagia maji, kukanyaga kwa miguu mitupu, kusubiri mvua, na kurudia. Hakuwa na kipimo chochote ila kamba na vigingi viwili. "Nyasi hukatwa na mashine," aliniambia siku moja nikiwa mdogo, "lakini mashine hubebwa na mtu wa karai." Hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuhesabu makarai hayo katika mshahara.

Kejeli ya yote hayo ni nyasi zenyewe. Mlowezi alileta mbegu kutoka kwao akaona zinanyauka, na wakati huo majani bora ya kukatwa yalikuwa chini ya viatu vyake. Nyasi za Kikuyu, zinazoitwa hivyo duniani kote kwa jina la watu wa Kiambu, Murang'a na Nyeri, ni za asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Hutambaa juu na chini ya udongo kwa wakati mmoja, hufunga ardhi isichukuliwe na mvua, hustahimili kukanyagwa na kukatwa chini. Mkulima wa kahawa alizipiga vita. Mapalilio ya kahawa yalikuwa vita dhidi ya sangari na nyasi hizi, maana zote huiba maji na mbolea ya mche, na wanawake wa kwetu waliinama mistarini na jembe la meno kuzichimbua mzizi kwa mzizi. Kahawa ilipokufa, adui akawa mteule. Kipande kilekile ambacho mama yangu alilipwa kukitoa, mimi hulipwa kukipanda.

Nazo zilishasafiri zamani. Zilifika Afrika Kusini kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Australia mara baada ya vita hivyo, na California wakati uleule, ambako zilitumiwa kuzuia kingo za mifereji zisibomoke. Leo kwenye uwanja wa gofu wa Riviera, Los Angeles, mashindano makubwa huchezwa juu ya nyasi za Kikuyu, na wachezaji hulalamika kwamba mpira unazama ndani yake. Upande mwingine serikali ya Marekani inazihesabu kati ya magugu hatari. Sioni upinzani. Ni magugu kweli. Baada ya kukatwa, zikiwa zimekaa vizuri, hutoa nyuzi nyeupe laini usiku kucha, na asubuhi uwanja mzima ukaonekana umemwagiwa unga. Wateja hupiga simu wakidhani ni ugonjwa. Ni maua, yamejificha ndani ya majani na hutoa nyuzi hizo tu.

Sasa Kiambu kwenyewe. Waafrika walizuiwa kwa miaka mingi kupanda kahawa, na mlango haukufunguka sawasawa mpaka mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954. Baada ya uhuru mashamba makubwa yalianza kuingia mikononi mwa matajiri wetu, makampuni na vyama vya watu walionunua hisa. Msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliogawa mafungu ya mauzo ukavunjika, bei ikaporomoka, na mavuno hayakurudi hapo tena. Miaka ya karibuni huzungukia tani 50,000. Wenye mashamba karibu na Nairobi hawakuhitaji mwalimu wa hesabu. Ekari ya kahawa inalipwa mara moja kwa mwaka, na malipo yenyewe ya chama huchelewa. Ekari ya ploti inalipwa leo. Runda ilishageuka. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, Ruiru na Juja zikafuata, na Tatu City ikakaa juu ya maelfu ya ekari zilizokuwa kahawa. Wakati huo simu yangu haikunyamaza.

Nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa watu huilipa bila kuiona. Hatua ya kwanza si trekta. Ni kutembea shambani na mti wa chuma, tukidunga ardhi kila hatua mbili. Chuma kikizama bila nguvu, hapo palikuwa na mche, na tunaweka kijiti. Baada ya nusu siku vijiti vimejipanga mistari mirefu, shamba lote la zamani limerudi kuonekana, na hapo ndipo mwenye ploti huanza kuniamini. Visiki vyote vinatoka, hata vilivyooza, hata mzizi mkuu. Kuna mafundi wenzangu wanaokata kisiki usawa wa udongo na kufunika. Kazi huwa imeshalipwa kabla uwongo haujajitokeza. Kila shimo tunajaza tabaka kwa tabaka, inchi chache, maji, kushindilia, inchi chache tena. Ukijaza mara moja mpaka juu umejidanganya.

Kisha haro inapita, reki, na ubao mrefu wa fundi wa uashi, futi kumi na mbili, tunaoukokota kwa kamba mbili kila upande. Ubao huo unakata vichwa na kujaza vibonde kwa mwendo mmoja. Mpira wa maji wenye rangi ndani yake ndio pima maji yetu: vichwa vyake viwili hulingana daima, hata vikiwa umbali wa mita thelathini. Hatutafuti ubapa wa meza. Maji lazima yaende mahali, kwa hiyo tunaacha mteremko mdogo kutoka ukutani mwa nyumba. Baadaye kabisa, na hapa ndipo ugomvi na wateja huwa mkali, tunaacha ardhi ipigwe na mvua ya msimu mzima kabla ya kupanda. Harusi ya binti imepangwa Desemba, na mimi nasema tusubiri masika.

Udongo mwekundu wa Kiambu ni wa heshima. Umetokana na mawe ya volkeno, ni mrefu kwenda chini na hautuamishi maji. Ubaya wake ni ule uliowekwa na watu. Dawa za shaba zilizopulizwa miaka mingi kuzuia magonjwa ya kahawa zimebaki kwenye udongo wa juu, na mbolea za chumvichumvi zimeufanya mchachu. Chokaa husaidia. Nenda Kitengela au Syokimau ukutane na udongo mweusi wa mfinyanzi, utaelewa bahati ya Kiambu: kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia, mvua ikija unafura, na uwanja uliosawazishwa Januari una matuta mwezi wa tano. Kule mimi huwashauri wateja wapande miti, waachane na nyasi. Wachache hunisikiliza.

Ardhi hutoa vitu vingine pia. Penye nyasi za kijani kibichi kuliko kwingine nachimba na kukuta maganda ya kahawa yaliyorundikwa na kiwanda. Palipokuwa na kambi ya wafanyakazi hutoka mawe ya kusagia, vipande vya vikombe vya bati la bluu, betri za redio, vijiko. Fuko huingia kutoka ploti jirani na kusukuma vilima vya udongo usiku mmoja, na mtegaji wa fuko, mzee mwenye kijiti kilichopindwa na kitanzi cha waya, bado hulipwa kwa mkia. Alilipwa kwa mkia tangu zama za walowezi. Bei tu ndiyo imepanda, na si sana.

Siku hizi mashine za rota zimeleta nafuu. Kisu chake huzunguka bapa na husamehe kibonde kidogo, ambacho silinda haikusamehe kamwe, kwa hiyo wateja wameanza kuniambia usawa si muhimu tena. Ni nusu ya ukweli. Rota inaruka kisahani kidogo. Hairuki shimo la futi mbili lililoshuka inchi nne. Na maji ya bomba yamekuwa ghali, familia nyingi zina visima virefu, na mahali palipokuwa na nyasi robo ekari sasa panajengwa ghorofa nyingine. Wanaobaki na kipande huniomba nitoe nyasi niweke tofali za kabro, ili magari ya wageni yapate mahali.

Naweka, kwa kuwa kazi ni kazi. Lakini kabro haina huruma kama nyasi. Nyasi zikibonyea unaweza kuongeza mchanga juu. Tofali za kabro zikishuka juu ya shimo la kahawa zinafunguka maungio, maji yanatuama, na gari la mwenye nyumba ndilo linalokuja kukupigia kelele. Kwa hiyo bei yangu ya kabro huko Runda ina mstari mmoja ambao vijana wengine hawauweki: kudunga ardhi kwa mti wa chuma na kutoa visiki. Mteja wa mwisho, mama mmoja mwenye haraka, aliukata mstari huo kwa kalamu mbele yangu akasema nyasi zilikuwa pale miaka ishirini na hakuna kilichoshuka.

"Mama," nikamwambia, "miaka ishirini uliitembea kwa miguu. Sasa unaleta lori la tani saba."

Akaurudisha mstari ule. Kesho yake tulianza na mti wa chuma, na kufikia saa nne kulikuwa na vijiti kumi na vinne.